Darasa la kompyuta liwafuate wafugaji lambo lilipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme jambo moja kuhusu elimu ya watu wazima kwa ndugu zetu wafugaji wa mikoa ya kati, hususan wale wanaohama na mifugo kati ya Bahi, Manyoni, Chemba na Hanang. Jambo lenyewe ni kwamba kompyuta na kisomo viende pamoja katika darasa moja, na darasa hilo liwafuate wafugaji kule yaliko maji na kwa majira yao. Nimestaafu baada ya kufundisha shule za msingi kwa miaka 40, na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa pia na darasa la watu wazima jioni. Sasa naendesha darasa dogo la kompyuta katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi. Mengi ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimejifunza kwa kufuatilia habari za wafugaji walio mbali nasi, yaani Mabedui wa Jordan na wa jangwa la Negev, kusini mwa Israeli.

Mwaka juzi mzee mmoja wa Kitaturu alikuja nyumbani kwangu na simu yake ya kitochi, akanikabidhi kwa mikono miwili na kusema, "Mwalimu, nisomee." Alikuwa ameuza ng'ombe wawili mnadani, na fedha akaziacha kwenye simu kama alivyoshauriwa, kwa kuwa ni salama kuliko kuzifunga kibindoni. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa malipo. Wa pili ulikuwa ule ambao Mtanzania anayejua kusoma huufuta mara anapouona: ile hela tuma kwenye namba hii. Mtoto wa jirani aliyemsomea alidhani umetoka kwa nduguye, mzee akampa mtoto namba ya siri ili amsaidie kutuma, na fedha za ng'ombe mmoja zikaenda kwa mtu asiyejulikana. Mzee yule anaweza kutazama kundi la ng'ombe 80 wakiingia zizini na kusema ni yupi hayupo, na hakuna dalali aliyewahi kumpunja mbele ya macho yake. Fedha zake zilipotea kwa sababu maneno yaliyokuwa kiganjani mwake hakuweza kuyasoma mwenyewe.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu watu wengi wanapoyasikia maneno kompyuta na wafugaji pamoja, hudhani tunazungumzia anasa. Wafugaji wetu wameshaingizwa katika mambo ya kompyuta bila wao kuchagua. Ng'ombe wao wanavishwa heleni za kielektroniki. Anayetaka mbolea ya ruzuku kwa kishamba chake cha uwele au alizeti anatakiwa awe amesajiliwa na kupata namba kwenye simu. Kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake, kinapitisha maombi yake kwenye mfumo wa mtandaoni, na kitambulisho cha Taifa kinadaiwa hata kwa kusajili laini. Katika kila moja ya hatua hizo, asiyejua kusoma analazimika kumtafuta mtu wa kumsomea, na mara nyingi mtu huyo anataka chochote. Nimewahi kuona mama akitozwa fedha ya vocha na ya soda ili ajaziwe fomu ambayo Serikali haiitozi hata senti.

Nilipoanza darasa langu, nilipewa kompyuta sita zilizokwisha kutumika na mwanafunzi wangu wa zamani, pamoja na sola moja na betri yake. Nikaomba chumba katika shule ya msingi, nikaandika ratiba, Jumatatu hadi Ijumaa saa 10 jioni, kama nilivyozoea maishani mwangu mwote. Wakajiandikisha watu wazima 31. Mwezi wa kwanza darasa lilijaa. Ilipofika Julai, majani yalipokauka na mifugo ikaanza kusogezwa upande wa mbuga za Bahi na wengine kuelekea Mtera, walibaki tisa, na kati ya hao watano hawakuwa wafugaji bali wenye maduka. Niliumia sana, na kwa muda niliwalaumu wanafunzi. Baadaye mama mmoja aliniambia kwa upole, "Mwalimu, saa kumi ng'ombe wanarudi. Wewe unatuita wakati wa kukamua." Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo kati ya wafugaji, na ratiba yangu haikuwa na habari na ng'ombe.

Katika kutafuta wengine waliopita njia hii ndipo nilipoanza kusoma habari za Mabedui. Jina lao linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mtu wa badia, yaani wa nyika na jangwa, lakini katika Kiswahili cha zamani bedui likaja kuwa pia jina la kumwita mtu mkali asiye na ustaarabu. Sisi wa mikoa ya kati tunajua jambo la namna hiyo. Wadatoga, ambao Wataturu na Wabarbaig ni miongoni mwao, tumewaita Wamang'ati, neno linalotoka kwa Wamaasai lenye maana ya adui, na tumelitumia kana kwamba ndilo jina walilozaliwa nalo. Nalitaja hili mapema kwa sababu mwalimu anayeingia darasani huku moyoni akimwona mwanafunzi kuwa ni mshenzi wa porini hawezi kumfundisha chochote, awe na kompyuta mpya au kuukuu.

Historia ya Mabedui wa Negev inapaswa kusomwa na kila mpangaji wa maendeleo ya wafugaji hapa kwetu. Sheria ya elimu ya lazima ilipitishwa Israeli mwaka 1949, lakini Mabedui waliobaki baada ya vita vya 1948 walikuwa wamekusanywa katika eneo moja chini ya utawala wa kijeshi hadi 1966, na shule zilikuwa chache mno. Kwa hiyo kikakua kizazi kizima, hasa cha wanawake, ambacho hakikupata herufi. Kisha ikaja hatua ya kuwahamishia katika miji iliyopangwa, mkubwa wao ukiwa Rahat, ulioanzishwa mwaka 1972 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 1994. Ilidhaniwa kwamba mtu akishakaa mahali pamoja, elimu na kazi vitamfuata. Miji hiyo hadi leo imo miongoni mwa iliyo maskini kabisa nchini humo. Maelfu wengine wamebaki katika vijiji visivyotambuliwa na serikali, visivyounganishwa na gridi ya umeme, ambako watu wamejiwekea sola juu ya paa. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na masomo kuhamia mtandaoni, watoto wengi wa vijiji hivyo walibaki bila masomo, kwa kuwa hapakuwa na kompyuta nyumbani, au ilikuwepo simu moja kwa watoto sita, au umeme wa sola haukutosha.

Ninawaeleza haya wale wanaosema, na nimewasikia hata kwenye vikao vya kata, kwamba wafugaji waache kwanza kuhamahama ndipo wapelekewe elimu. Kumtaka mtu aache kazi inayomlisha ili astahili kufundishwa ni kumfungia mlango. Mvua zetu huja mara moja kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ardhi inampa mfugaji nafasi ya kuchagua kati ya kuhama na kuona ng'ombe wake wakifa. Tena kwetu pia kuna historia ya malisho kupungua. Wazee wa Hanang wanakumbuka jinsi malisho bora ya Wabarbaig yalivyogeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma katika miaka ya 1970. Mtu aliyesogezwa hivyo ana sababu ya kuitazama kwa mashaka kila gari la Serikali linalokuja na neno maendeleo, na mwalimu anapaswa kulijua hilo kabla hajafungua kompyuta yake.

Kwa upande wa Jordan nimejifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi hiyo ilianzisha vituo vya maarifa katika maeneo mengi, vyumba vyenye kompyuta na intaneti ambamo mtu wa kawaida angeweza kujifunza bila kusafiri hadi mjini. Ni wazo zuri, na sisi pia tumelijaribu kwa namna yetu, lakini chumba hakihami. La pili limenigusa zaidi. Kuna chuo huko Tilonia, India, kilichoanzishwa mwaka 1972, kinachowachukua akina mama wa vijijini kutoka nchi nyingi, wengi wao wasiojua kusoma, na kwa muda wa miezi sita kinawafundisha kuunda na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Vifaa hufundishwa kwa rangi na alama, na mikono hurudia hadi izoee. Miongoni mwa waliokwenda alikuwemo mama Mbedui kutoka kijiji cha Jordan karibu na mpaka wa Irak, mwenye watoto wanne, ambaye mumewe alimtishia talaka ili arudi, naye akarudi nyumbani, kisha akakwenda tena na kumaliza. Wamekwenda pia akina mama wa Tanzania, na baadaye kituo cha namna hiyo kikafunguliwa Kinyasini, Unguja.

Hapo nilijiuliza swali ambalo bado linanisumbua. Kama mtu anaweza kutengeneza sola bila herufi, je, kisomo kina ulazima gani? Jibu nililolipata darasani ni kwamba kompyuta na simu si kama sola. Unaweza kumfundisha mtu kubonyeza mahali penye picha ya bahasha, lakini kilichomo ndani ya bahasha ni maneno. Ukimpa kifaa bila herufi, umemwongezea mahali pa kudanganywa. Na ukimpa herufi peke yake, kwa kitabu cha a, e, i, o, u, atachoka kabla hajaona faida, kwa sababu ana umri wa miaka 50 na muda wake ni wa thamani. Vikiwa pamoja, kimoja kinavuta kingine. Mzee yule wa Kitaturu alijifunza kwanza kulitambua jina lake kwenye kioo cha kompyuta, kisha jina la mkewe, kisha neno "umepokea", kisha neno "tuma". Maneno hayo mawili ya mwisho aliyadai yeye mwenyewe kabla sijafikiria kuyafundisha.

Nchi yetu ililijua jambo hili zamani. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nilikuwa na umri wa miaka 13, na mama yangu alikuwa akitia dole gumba kwenye kila karatasi. Alijiunga na darasa chini ya mbuyu, na vitabu vya kisomo chenye manufaa vya wakati ule viliandikwa juu ya kazi za watu, yaani pamba kwa wakulima wa pamba, uvuvi kwa wavuvi, ufugaji kwa wafugaji. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, wakafungua kijitabu, wakajadiliana wakiongozwa na mmoja wao, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia 1986 ilikuwa kama mtu mmoja kati ya kumi. Redio ilikuwa ndiyo kompyuta ya zama zile, ngeni na ya gharama, na hakuna aliyesema watu wajue kwanza kusoma ndipo wasikilize, wala wasikilize tu bila kusoma. Chombo, kijitabu na kiongozi wa kikundi vilikwenda pamoja. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake, na barua ya kwanza aliyoniandikia nikiwa chuo cha ualimu bado ninayo.

Kwa hiyo nilibadili darasa. Nikaacha chumba cha shule na kuhamia chini ya mkwaju ulio karibu na lambo, kati ya saa 4 asubuhi na saa 7 mchana, wakati ambapo wazee husubiri zamu ya kunywesha, na mara moja kwa wiki siku ya mnada. Sola na betri tunazifunga kwenye baiskeli. Kompyuta hukaa kwenye sanduku la bati lililotandikwa gunia, kwa sababu vumbi la kiangazi cha Bahi linaua kompyuta haraka kuliko kitu kingine chochote. Mifugo ilipohamia upande wa Mtera, kijana mmoja wa kundi lile, aliyemaliza darasa la saba, alichukua kompyuta mbili na vitabu, akaendelea na wenzake kambini kwa miezi mitatu. Aliporudi, watu saba waliweza kuandika majina yao na hesabu ya ng'ombe wao kwenye jedwali. Sikuwafundisha mimi.

Akina mama wana habari yao, na naomba nikae hapo kidogo. Kwa Mabedui wa Negev, madarasa ya wanawake watu wazima yalipata nguvu yalipowekwa karibu na nyumbani na kushikamana na kazi wanayoijua; pale Lakiya, kwa mfano, ufumaji wa mazulia ya sufu ndio uliowakusanya akina mama kwanza, na kisomo kikafuata. Kwetu kilichowakusanya ni kikoba. Kikundi cha akina mama 22 walikuwa wakiweka hisa kila wiki, na daftari lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyejua kuandika. Walikuja darasani kwa sababu walitaka kulisoma daftari lao wenyewe. Tulihamisha hesabu kwenye kompyuta mstari kwa mstari, hisa, jamii, faini, marejesho, na ilipofika mwisho jumla haikulingana na fedha zilizokuwa sandukuni. Sitamtaja mtu, na jambo lile lilimalizwa na wenyewe kwa heshima na fedha zikarudishwa. Lakini nilimwona bibi wa miaka 60 na kitu akiweka kidole kwenye kioo, akifuata safu ya jina lake kutoka juu hadi chini, akahesabu kwa Kigogo kwa sauti ya chini, kisha akanyanyua uso na kusema, "Yangu imetimia." Siku hiyo nilifunga darasa mapema kwa sababu sikuweza kuendelea kusema.

Darasa lao ni la peke yao, baada ya maziwa ya asubuhi kupelekwa, na watoto wadogo wanakuja nao. Waume wawili walikataa mwanzoni. Nilikwenda kwao, nikakaa, nikanywa maziwa, nikawaomba waje kuangalia. Mmoja alikuja, na sasa yeye mwenyewe ni mwanafunzi wa siku ya mnada.

Liko pia suala la lugha. Mbedui wa Negev anazungumza Kiarabu nyumbani lakini karatasi nyingi za ofisi ziko kwa Kiebrania. Mtaturu wetu anazungumza Kidatoga nyumbani, Kiswahili mnadani, kisha anafungua kompyuta na kukuta Kiingereza. Huo ni mlima wa tatu bila sababu, kwa maana mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyo kwa Kiswahili kitupu, na leo simu janja nyingi zinaweza kuwekwa Kiswahili kwa kubonyeza mara chache. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kubonyeza. Katika kompyuta zangu zote sita nimeweka Kiswahili, na tofauti niliiona wiki ile ile. Neno "hifadhi" mfugaji analielewa bila kufafanuliwa.

Ninachokiomba kwa halmashauri zetu na kwa Wizara si majengo. Kila halmashauri ina afisa wa elimu ya watu wazima, na mpango wa MUKEJA upo kwa ajili ya kuoanisha kisomo na shughuli za jamii. Basi fungu lake, hata likiwa dogo, litenge posho ya kiongozi wa kikundi anayehama na mifugo, na betri ya akiba. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu walipewa walimu, na vingine ninajua vimelala makabatini; kishikwambi kimoja kwa kila kambi ya mifugo kingefanya kazi kubwa. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Munguri kule Kondoa na Chisalu kule Mpwapwa vinaweza kuwafundisha vijana wa kifugaji kutengeneza kompyuta na sola, ili kifaa kikiharibika kisipelekwe mjini na kupotelea huko. Na Chuo Kikuu cha Dodoma, chenye ndaki nzima ya kompyuta hapa hapa mkoani, kinaweza kuwaleta wanafunzi wake wa mafunzo kwa vitendo chini ya mkwaju wetu, walau wiki mbili, waone kompyuta inavyotumika mahali pasipo na meza.

Mwezi Julai mifugo itaanza tena kusogea. Kati ya kompyuta zangu sita, mbili betri zimekufa, na yule kijana aliyefundisha kambini amekubali kwenda tena, ila anaomba mwenzake wa kike anayezungumza Kidatoga ili akina mama wa kambini nao wapate darasa. Bado sijampata. Kama yupo msomaji anayemfahamu binti wa namna hiyo, hata wa darasa la saba, namwomba amfikishie afisa elimu ya watu wazima wa Bahi habari hii kabla ya mwisho wa Juni.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Bahi, Dodoma